Herufi za Mjerumani zilizovikwa ngozi ya chui

Simama nusu saa pale Mnara wa Saa, Arusha, wakati wa msimu wa watalii, uangalie magari ya safari yanavyopita. Land Cruiser za rangi ya mchanga, tairi la akiba limevishwa kifuniko chenye tembo au mgunga na jua linalozama, na ubavuni jina la kampuni. Mimi si mtu wa magari. Jicho langu huenda kwenye mwandiko: herufi kubwa tupu, nene, fupi, kingo zimekatika ovyo kana kwamba fundi alikuwa na shoka mkononi na mteja anamhimiza. O ina pembe. S imekaa kama inataka kuanguka. Wakati mwingine zimejazwa madoa ya chui, kwa ajili ya yule ambaye bado hajaelewa.

Ukishazijua, hazikuachi tena. Ziko kwenye fulana za uwanja wa ndege, kwenye pakiti za kahawa, kwenye vibao vya maduka ya vinyago, kwenye majalada ya vitabu vya Ulaya vinavyotuhusu, kwenye menyu za hoteli zinazouza nyama choma kwa dola. Mwaka jana, mjini Tanga, zilinifuata mpaka kwenye shughuli ya familia. Shangazi yangu alikuwa anatimiza miaka hamsini ya ndoa, nami nikapewa kazi ya bango. Nikaingia stesheneri moja ya mtaani. Kijana wa kwenye kompyuta aliuliza bila kuinua macho:

"Mzee, nikuwekee fonti ya kitamaduni?"

Akaibonyeza. Ndiyo hiyohiyo. Nikamuuliza utamaduni wa watu gani. Akacheka kwa adabu.

"Wetu, mzee."

Utamaduni huo asili yake ni Offenbach, mji wa Ujerumani kando ya mto Main, jirani na Frankfurt. Herufi hizo zinaitwa Neuland, na zilitoka mwaka 1923 katika kiwanda cha herufi cha Klingspor. Aliyezitengeneza ni Rudolf Koch, mwalimu na fundi wa mwandiko, Mlutheri aliyeshika dini kwelikweli. Nyingi tunazoziona barabarani ni Neuland yenyewe au miigo yake, zile fonti za bure zenye majina kama ya dawa za mbu, lakini ukifuata ukoo unafika kwa Koch.

Wenye tabia ya kufuatilia sura za herufi wamezoea ugomvi. Maarufu kuliko wote ni ule wa Comic Sans, fonti yenye sura ya mwandiko wa vibonzo, iliyotengenezwa na Vincent Connare kule Microsoft mwaka 1994. Tarehe 4 Julai 2012, CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, walipotangaza kupatikana kwa chembe ya Higgs, slaidi za mwanafizikia Fabiola Gianotti zilikuwa za Comic Sans, na siku hiyohiyo ya ugunduzi watu walizozana kuhusu mwandiko. Ule ni ugomvi wa heshima na utani: herufi hii imevaa vibaya kwa shughuli hii. Ugomvi wa Neuland uko kwingine. Wanaoipenda na wasioipenda hukutana kwenye swali moja gumu: Mjerumani huyu alipataje uraia wetu?

Nianze na sifa, maana Koch anastahili. Wakati wake herufi ya chapa ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Fundi alichonga umbo la herufi, likiwa limegeuka kama kwenye kioo, kwenye ncha ya kipande cha chuma kigumu. Chuma hicho kiligongwa juu ya shaba kikaacha alama. Risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa humo, na hapo ikatoka herufi ya kupangia ukurasa. Desturi ilikuwa msanii achore karatasini, kisha fundi mwingine afuate mchoro. Koch aliruka karatasi. Alikaa na chuma chake akakata moja kwa moja, akiamua umbo huku mkono unafanya kazi, na akarudia hivyo kwa kila ukubwa. Ndiyo maana katika Neuland ya asili A ya saizi ndogo na A ya saizi kubwa ni ndugu, si pacha. Kompyuta imefuta hilo: aghalabu ukubwa mmoja tu ndio ulionakiliwa, nao huvutwa na kubanwa kama mpira. Tunachokitumia leo ni kivuli cha kazi ile.

Hata kuhusu umbo lenyewe wapangaji wa kurasa hawaafikiani. Wapo wanaoona kwamba haina kazi zaidi ya kichwa cha habari: haina herufi ndogo, uzito wake unachosha macho, aya moja tu na msomaji ameshapumzika. Wengine hujibu kwamba hukuijua mpaka uipange mistari ikigusana, bila nafasi kati yake. Hapo ukurasa unakuwa mkeka. Weusi na weupe vinafumana, na zile kingo zisizo sawa ndizo zinazofanya mfumo uende. Mimi niko upande wa mkeka. Koch alikulia kwenye hati nzito za Kijerumani, zile zinazoutia ukurasa giza, na ukiitazama Neuland ukiwa na hati hizo akilini unaona ni mjukuu wao aliyenyoa ndevu. Kazi yake ilielekea kanisani. Na jina? Neuland ni ardhi mpya, na mwaka 1923 Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imenyang'anywa makoloni yake, hii Tanganyika yetu ikiwamo, kwa hiyo kishawishi cha kusema "aha!" ni kikubwa. Lakini neno hilo kwa Kijerumani ni la mkulima: shamba linalofunguliwa. Tusimtwike marehemu mzigo usio wake.

Mzigo ulianzia ng'ambo. Katika miaka ya 1920 Neuland ilivuka bahari ikauzwa Marekani, ikawapendeza watengeneza matangazo. Kampuni kubwa ya huko, American Type Founders, ilipotaka ya kwake ya kushindana nayo, mwaka 1934 ilifufua na kuchora upya herufi ya zamani iliyokuwa na uzito kama ule. Jina la herufi hiyo lilikuwa Othello. Ndiyo, yule Mmoor wa Shakespeare. Herufi nene nyeusi, jina la mtu mweusi. Hata kama jina lilirithiwa tu, masikio yalisikia.

Mwaka 2004 Mmarekani Rob Giampietro aliandika makala iliyolipeleka suala hili mbali. Aliuliza ilikuwaje Neuland, pamoja na nyingine nitakayoitaja punde, zikawa ndizo herufi za vitabu na bidhaa zinazohusu watu weusi, huku asili yake haina uhusiano nao. Jibu lake lilipitia kwenye karakana za uchapaji wa bei nafuu: Marekani ilikuwa na mazoea ya herufi nene za mbao kwenye matangazo ya sarakasi, ya tumbaku, ya burudani za kuwakejeli watu weusi. Neuland ilipofika ikiwa na sura ya kitu kilichochongwa, ilikuta kiti kimeshawekwa, ikakaa. Kuanzia hapo mambo yakajiendesha. Mtengeneza jalada alitazama majalada yaliyotangulia akafuata, na anayemfuata akamtazama yeye.

Wapinzani wa hoja hiyo si wajinga. Wanasema herufi haina kabila, ni wino tu, na maana anaileta msomaji. Wanaongeza kwamba Neuland haikubaki Afrika: filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 iliitumia kwa jina lake, na pakiti za sigara za Natural American Spirit pia, na hakuna Mwafrika katika hayo mawili. Kweli kabisa. Lakini hebu ziweke pamoja. Dinosaria. Mhindi Mwekundu akivuta kiko kwenye pakiti ya sigara. Safari ya Serengeti. Kinachoviunganisha ni nini? Kwa anayetazama kutoka mbali, vyote vitatu ni vya kale na vya porini, vya kabla ya mambo kuanza. Mfano uliotolewa kututetea unatuweka zizi moja na mijusi waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Kuna utetezi mwingine ambao huwa sisikii ukitajwa, na nadhani ndio wenye nguvu zaidi, kwa hiyo nitautoa mwenyewe. Mwaka 1905, mjini Dresden, wanafunzi wanne wa usanifu majengo walianzisha kikundi cha wasanii kiitwacho Die Brücke. Walipenda kuchonga picha kwenye mbao na kuzichapa alama za patasi zikionekana wazi, na kwenye mabango yao walichonga maneno kwa mkono uleule. Ernst Ludwig Kirchner na wenzake walikuwa wakienda kwenye jumba la makumbusho la mji huo kutazama vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki. (Vilifikaje huko, hiyo ni habari ya siku nyingine, na si habari nzuri.) Sura ile ya patasi ikaenea Ujerumani nzima, ikawa hewa waliyovuta wasanii wa kizazi hicho. Koch hakuwa wa kikundi chao, lakini Neuland ina harufu ya hewa hiyo. Basi mtu akitaka anaweza kusema: kinyago kiliondoka Afrika, kikapita jumba la makumbusho, kikapita ubao wa Kirchner, kikaingia hewani, kikatua kwenye chuma cha Koch, na sasa kimerudi nyumbani ubavuni mwa Land Cruiser.

Uzi huo upo, siukatai. Ni mwembamba, na unapokatika ndipo penye jambo langu.

Nenda Mwenge, Dar es Salaam, ukae na mchonga vinyago wa Kimakonde. Mpingo ni mgumu kama jiwe. Atautoa ganda kwa tezo, atashuka kwenye patasi, kisha tupa, kisha msasa mkubwa, kisha msasa mdogo, kisha nta ya viatu, mpaka shavu la kinyago linang'aa na ukipitisha kidole hukuti kovu. Muulize kama anataka alama za shoka zibaki. Atadhani unamtania. Nenda Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, utazame kizingiti cha juu cha mlango wa zamani: maua yamepimwa kwa bikari, aya ya Kurani imeingia kwenye nafasi yake bila kubanwa, mwaka wa Hijria uko katikati. Nenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uingie msikiti wa zamani wa Dimbani. Karibu na kibla kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yana mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Herufi zake zimesimama wima kama askari wa gwaride, ncha zinachipua majani, kina cha mchongo ni kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hapo Neuland bado ina miaka mia nane kabla ya kuzaliwa.

Kwa hiyo lile neno ambalo Neuland hulisema ubavuni mwa gari ni hili: mkono wa Mwafrika haulainishi. Hukata na kuacha. Hilo ni wazo la mgeni kuhusu mkono wetu, kwa sababu mafundi wetu wenyewe hutumia nusu ya muda wa kazi kufuta alama za patasi. Wasanii wa Dresden walipenda ukali wa vinyago, wakaiga ukali, msasa wakauacha makumbusho.

Na ukitaka kuona jinsi mtazamaji anavyoamua, iko ile nyingine niliyoahidi kuitaja. Mwaka 1989 kampuni ya Adobe ilitoa fonti tatu za herufi kubwa zilizochorwa na Carol Twombly. Moja, Trajan, aliitoa kwenye maandishi ya nguzo ya Kaisari Trajan kule Roma. Nyingine, Lithos, aliitoa kwenye maandishi ya mawe ya Ugiriki ya kale. Mbunifu mmoja, mwaka mmoja, kampuni moja, mawe mawili ya Ulaya. Trajan ikaenda kukaa kwenye matangazo ya filamu za wafalme na vita, na kwenye vibao vya mawakili. Lithos, ambayo mistari yake ina unene mmoja na imejipinda kidogo, ikapelekwa wapi? Kwenye maonyesho ya ngoma, kwenye majalada ya hadithi za simba, kwenye kitenge. Mgiriki naye akawa Mwafrika. Jiwe la Roma lilikuwa limenyooka likapewa ufalme, la Ugiriki lilicheza kidogo likapewa ngoma.

Mpaka hapo ni rahisi kuwalaumu wengine, na ningeweza kuishia hapo nikapigiwa makofi. Lakini yale magari ya Arusha, mengi ni ya watu wetu. Rafiki yangu mmoja ana matatu, na yote yana mwandiko huo. Nilimpelekea hoja zangu zote, pamoja na Kizimkazi. Akasikiliza mpaka mwisho, akamwaga kahawa nyingine.

"Kaka, wewe unauza maneno. Mimi nauza Serengeti. Mgeni ametoka kwenye ndege saa moja asubuhi, hajalala, anatafuta gari lake kati ya magari arobaini. Akiiona hiyo herufi anajua amefika."

Nilimwambia kwamba amefika kwenye Afrika aliyokuja nayo kichwani. Akasema ndiyo, na ameilipia tayari.

Sina jibu zuri kwa hoja hiyo, na wanaojifanya wanalo wengi hawajawahi kulipa mishahara. Biashara ya utalii inauza matarajio. Wenye mikahawa ya Kichina Marekani waliyajua haya zamani: zile herufi zenye mikwaju ya brashi zinazodaiwa kuwa za Kichina, ya mwanzo kabisa ilitoka kiwanda cha herufi cha mji wa Cleveland mwaka 1883, na Wachina wenyewe waliziweka kwenye vibao vyao kwa sababu mteja aliyepita barabarani alizitambua. Kuna siku watoto na wajukuu wa wenye mikahawa hiyo walianza kuona aibu, wakazing'oa. Wengine wanazo mpaka leo na biashara inakwenda. Ninachomkatalia rafiki yangu ni kitu kimoja tu. Aliponiambia "hiyo ndiyo sura yetu", hapo alitoka kwenye biashara akaingia kwenye ushahidi, na ushahidi wake ni wa uongo.

Kwa upande wa pili wako vijana wabunifu wa grafiki, wa Nairobi na Dar, ambao wangependa Neuland ipigwe marufuku kabisa. Nawaelewa. Mtu aliyesomea kazi yake, kila mteja wa nje anayemjia anaagiza "kitu chenye hisia za Kiafrika", na anajua kabla ya kumaliza kusikiliza kwamba anaombwa mgunga, jua, na herufi za shoka. Inachosha. Lakini kumfukuza Koch ni kumhukumu asiyekuwepo. Kazi yake, ikipangwa kama alivyoikusudia, bado ni nzuri. Mimi ningeipangia mashairi ya tenzi bila kusita, mistari ikigusana, halafu nisubiri kuona nani atauliza simba yuko wapi.

Wapo pia wanaosema dawa ni kurudi kwenye hati za Kiafrika zenyewe, na hao nawaheshimu zaidi. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, aliyeanzisha chuo cha sanaa za grafiki mjini Harare mwaka 1999, alizitafiti akazikusanya kwenye kitabu mwaka 2004: hati ya Wavai wa Liberia, hati ya Sultan Njoya wa Wabamum kule Kameruni, Geez ya Uhabeshi, na nyingine. Ni hazina. Ila kwa sisi wa Kiswahili njia hiyo ina kona. Hati mbili tulizoziishi ni ile ya Kiarabu, ambayo tenzi za Pate na Lamu ziliandikwa kwayo kwa karne kadhaa, na hii ya Kilatini tunayosoma sasa. Kuchukua alama za Wabamum na kuzipamba kwenye kibao cha duka la Kigamboni ni kumfanyia Njoya yaleyale tunayolalamika kufanyiwa.

Sura ya maandishi ya Kilatini ambayo kweli imelelewa mikononi mwetu haiko kwenye orodha ya kijana wa stesheneri, na inalala kabatini kwa mama yake. Ni kanga. Mwanzoni jina la kanga liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikashika za Kilatini. Sifa ya kuyaeneza maneno hayo mwanzoni mwa karne iliyopita hupewa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake tunazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Itandaze moja uitazame kama herufi, usahau ujumbe kwa dakika. Zote kubwa. Hazina vikia vya mwishoni mwa mistari, unene wake mmoja, zimesimama ndani ya kisanduku kirefu juu ya pindo la chini, na nafasi kati yake inatanuka au kubana kulingana na urefu wa msemo, maana kisanduku hakiongezeki. Msemo mfupi unakaa kwa raha kama bibi kwenye baraza. Msemo mrefu unabanana kama abiria wa Mbagala. Wakati mwingine herufi moja imeachwa au neno limekatwa pasipostahili, hasa kwenye kanga zilizochapwa India au China na fundi asiyejua Kiswahili. Mwandiko huo umesomwa na mamilioni ya watu, ukiwa unatembea, ukiwa umefungwa kiunoni, ukiwa umelowa. Hauna hata chembe ya shoka.

Kuna pia fonti ambayo ina jina la Kiswahili na haina haja ya kuvaa ngozi. Inaitwa Andika. Imetengenezwa na SIL, shirika la wanaisimu, kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma: a yake ni ile ya duara tunayofundishwa darasa la kwanza, na I kubwa haifanani na l ndogo, kwa hiyo mtoto hababaiki. Itazame, ni ya kawaida mpaka inachosha. Nadhani ndiyo heshima kubwa zaidi ambayo fonti imewahi kutupa: ilituchukulia kama watu wanaotaka kusoma.

Sasa nijikamate kabla sijakamatwa. Nikisema "tumieni herufi za kanga", kesho kutakuwa na fonti ya Kanga, keshokutwa itakuwa kwenye vikombe vya uwanja wa ndege, na baada ya miaka kumi rafiki yangu atakuwa ameipaka kwenye magari yake matatu kwa sababu mgeni anaitambua. Itakuwa vazi la maonyesho kama Neuland ilivyo, tofauti ikiwa tu kwamba mshonaji ni wa nyumbani. Hiyo ni nafuu, hasa kama fundi atalipwa. Bado jambo lililonikera kwa kijana wa stesheneri halitakuwa limetatuliwa, yaani kwamba bango la shughuli ya shangazi, mbele ya watu wanaomjua tangu anacheza rede, lilitakiwa litangaze kwanza kwamba sisi ni Waafrika. Limtangazie nani? Mgeni rasmi alikuwa jirani.

Nilimlipa kijana kwa muda wake nikaondoka. Ngamiani kuna fundi wa vibao anayechora kwa mkono, mmoja wa wachache ambao mashine za stika hazijawamaliza. Nilimkuta nje ya duka la nafaka. Ameshapiga mistari miwili ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, anagawa nafasi kwa kidole gumba na cha shahada, midomo inahesabu. Nikangoja. Alipomaliza neno "MCHELE" nikamuuliza kama anachora herufi za Kiafrika.

Akaniangalia kutoka juu ya ngazi. "Bango litakaa wapi?"

Nikamwambia uani, juu ya meza kuu.

"Watu watakuwa mbali kiasi gani?"

Hatua kama kumi na tano. Akapima hewani kwa kiganja, urefu wa herufi moja, akashuka. Bei yake ni kwa herufi, kivuli ni nyongeza, tarakimu anazitoza kama herufi. Akachukua karatasi nikamtajia maneno, akawa anahesabu huku anaandika. Alipofika kwenye miaka akasimamisha kalamu.

"Hamsini niweke kwa tarakimu? Utaokoa tano."

Nikamwambia aandike kwa maneno, na kivuli aweke.